Kona Iliyolambwa na Ng'ombe

Juzi nilikabidhi ufunguo wa stoo, bendera mbili na reki yenye mapengo manne, na Katibu akaniandikia hati ya makabidhiano ya kurasa mbili kana kwamba narudisha ndege. Akaniomba pia niwaandikie nyie mnaobaki uwanjani yale mambo ya kazi ambayo hayamo kwenye hati. Mshahara sitautaja, maana hata wenyewe haukuwa na makelele. Vyeo ni hivyo hivyo: niliingia mtunza njia, nimetoka mtunza njia. Katikati hapo niliwahi kushushwa nikawa mlinzi wa choo, na hilo nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo la maana kuliko mengine yote.

Vijana wapya mnadhani uwanja huu ulichorwa na mhandisi. Haukuchorwa na mtu. Hapo pembeni mwa Ilembo palikuwa na mashimo ya matofali, na mimi nilikuwa mmoja wa wafyatuaji. Pikipiki zilipoanza kujaa Mpanda, vijana wakawa wanashindana barabarani mchana kweupe, mbele ya watu wanaotoka kanisani, mpaka kiongozi mmoja wa mtaa akawaambia kama wanataka kuvunjika, wakavunjikie kwenye mashimo huko. Yeye alisema kwa hasira, wao wakaichukua kama ruhusa. Jumapili iliyofuata zilikuja pikipiki kumi na moja, zikazunguka katikati ya mashimo na matanuru, na njia waliyoizunguka siku ile ndiyo hii hii mnayoifagia leo. Ndiyo maana kona ya pili haina akili. Siku ile palikuwa na tanuru linawaka, ikabidi walikwepe, na ndiyo tunayoiita Kona ya Tanuru.

Mwenyekiti Kipeta, ambaye alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki, alikuja kuangalia mara moja tu akaelewa kwamba mahali pikipiki zinapovunjika kila Jumapili ni mahali pa kuungwa mkono. Akaunda chama, akaunda kamati, akajiunda mwenyekiti. Sisi wafyatuaji tuliambiwa tuhame. Wenzangu walihama, mimi nikabaki kwa sababu nilikuwa na tofali mbichi elfu mbili zinakauka na sikuwa na pa kuzipeleka. Kipeta alinikuta nasawazisha ardhi kando ya tofali zangu, akadhani nimeanza kazi ya uwanja kwa moyo wa kujitolea, akanishukuru mbele ya watu. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa jembe na nikaambiwa niondoe mabonde. Niliyaondoa kwa kuyajazia mchanga. Siku ya pili yake lilikuwa tamasha la uzinduzi, na mchungaji mmoja mchangamfu sana aliyekuja kuombea uwanja aliomba pia azungushe pikipiki raundi moja. Alifika kwenye mchanga wangu, pikipiki ikasimama, yeye akaendelea. Hakuumia, namshukuru Mungu, ila alisema neno ambalo waumini wake hawakuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Ile ndiyo Kona ya Mchungaji. Mkiulizwa na wageni, semeni ni kumbukumbu ya maombi.

Baada ya hapo Kipeta alinipeleka kwa Mama Tabu. Huyu mama alikuwa fundi wa kusiriba nyumba na sakafu, mtu wa umri wa mama yangu, mwenye viganja vigumu na ulimi mgumu zaidi. Alipita kwenye njia yetu peku, mwendo wa taratibu, akarudi akaniuliza nani amefanya uchafu huu. Nikasema ni mimi. Akasema, "Hii ni sakafu tu, mwanangu. Tofauti yake ni kwamba wageni wa hapa hawavui viatu."

Kila kitu ninachokijua kuhusu njia ya mbio nilikipata kwake. Udongo wa kichuguu ndio unaoshika. Uvunjwe, uchekechwe, uchanganywe na samadi, uloweshwe jioni na upigwe asubuhi. Ukiubana mkononi ukabaki na alama za vidole bila kupasuka, uko tayari. Ukichafua mkono, una maji mengi. Ukimwagika, umeuharakisha, na wewe ni mvivu. Greda letu lilikuwa chaga la kitanda cha chuma lililofungwa tairi mbili juu yake na kuvutwa na punda. Kuna mgeni aliwahi kulicheka, halafu akauliza kama anaweza kulipiga picha. Mama Tabu alinifundisha pia kuzifuata pikipiki kwa sikio: mlio ukikatika kidogo kwenye kona, hapo pana shimo ambalo jicho halijaliona. Aliondoka kwenda kuishi na binti yake Kapalamsenga, kando ya ziwa, na akaniachia onyo moja, nisijione nimeiva. Nilijiona nimeiva kabla basi lake halijatoka stendi.

Sasa nifike kwa ng'ombe. Upande wa magharibi wa uwanja anaishi Mzee Masunga, Msukuma aliyekuja huku na mifugo yake kutoka Shinyanga. Alishahama mara tatu maishani, kila mara kwa sababu ya mtu kumfungia njia. Bwawa liko mashariki, na uwanja wetu umekaa katikati kama mtu aliyelala mlangoni. Kwa hiyo tangu mwanzo kulikuwa na makubaliano: ng'ombe wanapita kwenye njia ya mbio asubuhi na jioni, na kama kuna mbio, mbio zinasubiri. Nikiinua bendera nyekundu, vijana wote wanasimama walipo na kuzima injini, kwa sababu mlio unawatawanya ng'ombe na kuwakusanya ni kazi ya nusu siku. Ng'ombe wa mwisho akivuka, nateremsha bendera, kila mtu anaendelea na nafasi yake. Wageni walikuwa wanatushangaa. Sisi tulikuwa tunawashangaa wao, kwamba kwao ng'ombe wanapita wapi.

Mimi na Mzee Masunga tulizoeana kwa njia ya kutupiana maneno. Mimi ni Mkonongo, watu wa nyuki, na yeye aliniambia kila mara kwamba mtu anayefuga mdudu hawezi kumfahamu mnyama. Nilimjibu kwamba nyuki wangu wanajua kurudi nyumbani bila fimbo. Tuliendelea hivyo miaka mingi.

Halafu Kipeta akapata wazo la cheti. Makao makuu ya mchezo yalikuwa yanatafuta uwanja wa mashindano ya kanda, na kama tungepita ukaguzi, wangekuja waendeshaji wa mikoa yote ya jirani, na vijana wetu wangeshindana nao nyumbani bila kusafirisha pikipiki juu ya malori ya mkaa. Mkaguzi angefika kiangazi. Na kiangazi Kona ya Tanuru ilikuwa na vumbi la kumpoteza mtu. Wanaingia sita, unasikia sita, huoni hata mmoja, halafu wanatoka watano. Kamati ikaniambia vumbi ni langu. Ng'ombe wakawa wa Mzee Masunga: aliitwa mbele ya kamati nzima, akaambiwa siku ya ukaguzi awafungie ng'ombe zizini mpaka mchana, na kama hata mmoja akionekana mbele ya mgeni, njia yake itafungwa moja kwa moja. Hiyo maana yake ni kwamba angezunguka kupitia mashamba ya watu, agombane na kila mtu, na mwisho ahame mara ya nne. Mzee alisikiliza, akatoa ahadi, akaondoka bila kunitania.

Mimi nilihangaika na vumbi langu. Maji yalikauka kabla sijarudisha pipa. Pumba za mpunga zilipeperuka zikamwingia Kipeta machoni. Ndipo nikakumbuka kwamba Majimoto, karibu na zile chemchemi, niliwahi kuona udongo mweupemweupe unaobaki na unyevu hata jua la saa saba. Nikaongea na dereva wa lori la mpunga, nikampa asali dumu moja, akaniletea lori zima. Niliuonja kidogo, ukawa na chumvichumvi. Nikaona hiyo ndiyo siri yake, chumvi inashika maji, hata ukiiacha mezani masika utaiona. Nilijipongeza kwa sauti.

Mtoto yeyote wa mfugaji katika mkoa huu, hata wa miaka mitano, angenishika mkono aniambie babu acha. Sikuuliza mfugaji yeyote. Niliuchanganya na udongo wa kichuguu, nikausiriba kona nzima, nikaupiga, nikauvutia chaga, na siku tatu kabla ya ukaguzi ile kona ilikuwa nzuri kuliko sakafu ya ofisi yoyote mjini. Pikipiki zilipita bila kutimua hata unyoya wa vumbi. Kipeta alinikumbatia. Asubuhi moja nilikuta mbuzi wa jirani saba wamesimama pale, nikawafukuza nikidhani wamefuata ubaridi.

Mkaguzi alikuwa mama mwembamba mwenye daftari na kofia ya jua, mtu wa maneno machache. Alipima upana wa njia, akakagua sanduku la huduma ya kwanza, akalitazama chaga la kitanda kwa muda mrefu. Tukaanza mbio za mfano. Mimi nilisimama Kona ya Tanuru na bendera zangu. Raundi ya kwanza vumbi hakuna. Raundi ya pili vumbi hakuna, mkaguzi anaandika. Raundi ya tatu nikasikia kengele ya ng'ombe.

Walikuja wote. Walivunja ua wa zizi, wakalisahau bwawa ingawa walikuwa na kiu tangu alfajiri, wakaja moja kwa moja kwenye kona yangu, wakapiga magoti ya mbele na kuanza kulamba. Niliinua bendera nyekundu. Vijana wakasimama, wakazima injini kama walivyozoea. Kukawa kimya kabisa, isipokuwa ndimi za ng'ombe zaidi ya mia zinazokwangua kazi yangu ya wiki nzima.

Mkaguzi akauliza wanafanya nini. Kipeta akasema wanapita. Mkaguzi akatazama tena. Kipeta akasema wanapita polepole.

Mzee Masunga alifika mbio, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi, na wanawe nyuma yake na fimbo. Waliwapiga, waliwavuta mikia, waliwaita kwa majina. Ng'ombe hawakuinua hata sikio. Kipeta alikuwa ameanza kupiga kelele kwamba ahadi ilitolewa mbele ya mashahidi, na kwamba watu wengine wanafanya makusudi kwa sababu hawapendi maendeleo. Katikati ya maneno hayo Mzee Masunga akainama, akachukua chembe ya udongo kwa kidole, akaiweka ulimini. Akatema pembeni. Halafu akanitazama.

Nilijua kwamba amejua. Nilisubiri aseme, na nusu yangu ilitaka aseme ili yaishe. Yeye akamgeukia Kipeta akasema tu kwamba ni kweli alitoa ahadi, na imevunjika.

Kipeta akatangaza hapo hapo, mgeni akisikia, kwamba njia ya ng'ombe inafungwa leo hii. Akaniamuru mimi, kwa kuwa ni mtunza njia, nikachukue waya wa miiba stoo nikaifunge. Na mimi nikaenda. Hilo ndilo nataka mlijue kuhusu mzee wenu. Nilikwenda stoo, nikauweka mzingo wa waya begani, nikatembea mpaka kwenye mapito na sikusema neno. Njiani nilijipangia sababu: kwamba vijana wametaka cheti hiki kwa miaka, kwamba mzee alipaswa kujenga ua imara, kwamba nikisema sasa nitaharibu kila kitu na ng'ombe watakuwa wameshalamba vile vile. Sababu zilikuwa nyingi na zote zilisimama vizuri.

Waya ulikuwa umejisokota. Nilikuwa nahangaika nao, nimechanika kidole, nikaona mkono mwingine umeshika upande wa pili. Alikuwa Mzee Masunga. Alikuja kunisaidia kuunyoosha. Akaushika vizuri, akarudi nyuma hatua kwa hatua ukiwa unafunguka, kuelekea nguzo ambayo ingewazuia ng'ombe wake mwenyewe.

Niliuachia. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada, aibu ya kutaka kuvua ngozi. Nikarudi kwa Kipeta, nikamkuta bado anamweleza mkaguzi kuhusu mpango wa kujenga jukwaa.

"Mwenyekiti," nikasema, "ule udongo una chumvi. Nimeuleta mimi kutoka Majimoto. Mzee hana kosa, ng'ombe nimewaita mwenyewe."

"Chumvi ya nini?"

"Ya vumbi."

Yule mama mkaguzi akaenda mpaka kwenye kona, akajipenyeza kati ya ng'ombe wawili, akagusa udongo kwa kidole na kuuonja. Akasema ni kweli, na imezidi kidogo. Kisha akarudi akaliandika hilo kwenye daftari, na nguzo zikabaki bila waya.

Hatukupata cheti. Barua ilikuja baada ya wiki chache, fupi na ya adabu, ikasema uso wa njia yetu unavutia mifugo. Kipeta aliibandika ukutani ofisini ili niione kila ninapoingia. Alinishusha, nikalinda choo kwa miezi minane, na kama mnataka kujifunza tabia za binadamu, hakuna chuo kinachozidi kile. Hakunisalimia muda wote huo, ingawa alikitumia choo mara nyingi, maana alikuwa na kisukari. Alinirudisha mwenyewe kiangazi kilichofuata, baada ya mpwa wake kuisiriba kona kwa saruji na vijana wanne kuteleza asubuhi moja.

Waendeshaji ndio walionisumbua moyoni. Wale waliokuwa katika ubora wao mwaka ule hawakupata kamwe kushindana na watu wa mikoa mingine hapa kwetu, na mashindano ya kanda mpaka leo hayajafika. Mmoja wao sasa anauza mchele Majimoto, na kila tukikutana ananiuliza bei ya chumvi. Anacheka, lakini hacheki sana. Nyie mtakaoomba cheti tena, ombeni, na vumbi limwagilieni maji tu.

Asubuhi iliyofuata siku ya ukaguzi nimeiweka mwisho kwa makusudi. Nilifika uwanjani kabla ya jua kuwa kali, nikamkuta Mzee Masunga na wanawe na mkokoteni wa ng'ombe. Walikuwa wanaikwangua Kona ya Tanuru kwa majembe na koleo. Akanieleza kwamba isipokwanguliwa yote, ng'ombe hawatafika bwawani mwaka huu, na kwamba hawezi kuutupa udongo mzuri namna hii, anaupeleka zizini. Nikachukua koleo nikaungana nao. Tulichimba mpaka chini, safari nne za mkokoteni. Ile kona niliyojivunia kuliko kazi zangu zote niliipakia kwa mikono yangu, na baadaye niliambiwa kwamba ng'ombe waliimaliza kwa miezi miwili na maziwa yaliongezeka.

Tulipobaki wawili, wanawe wakiwa wamepeleka safari ya tatu, nilimuuliza mbona jana alinyamaza na alikuwa ameshaonja.

"Ningesema mimi, nani angeamini? Msukuma na ng'ombe wake," akasema. "Nilikungoja wewe."

"Na kama nisingesema?"

Akaendelea kukwangua, akakusanya kilichobaki, akakitandaza pembeni kusubiri mkokoteni.

"Tungemaliza kufunga waya, mdogo wangu. Mimi ningehama. Wewe ungebaki hapa na njia yako nzuri."